Chuma Kilichonikataza Kupiga Magoti

Goti langu la kulia linakunjika! Wacha nianze na hapo, maana nikianza na ajali mtaniona mgonjwa mpaka mwisho, na mimi si mgonjwa. Asubuhi hii nimepalilia mistari miwili ya karanga nikiwa nimepiga magoti, yote mawili, kwenye udongo, kisha nikainuka mwenyewe bila kushikwa mkono na mtu. Kwa hiyo wewe uliye wodini saa hii na mguu umefungwa, ama wewe uliyeambiwa urudi utolewe vyuma na unaogopa, soma pole pole. Naitwa Ajambo na nina mengi ya kukuambia.

Mimi ni Msamia wa Busia, upande wa Kenya. Nauza omena, wale samaki wadogo ambao ukivuka mpaka wanaitwa mukene, na ni walewale. Nilikuwa mtu wa mbio jameni. Asubuhi niko Kenya, saa nne niko Uganda, saa sita nimerudi, gunia kichwani na mdomo haufungi. Katika kuvuka huko nikampata Owor, fundi wa baiskeli, Mjopadhola wa Nabuyoga kule Tororo. Tukaoana.

Sasa lazima mjue jambo moja, na watu wa huku wanalijua tayari. Kwao Owor mwanamke hamsalimii mkubwa akiwa wima. Anapiga magoti. Ukimpelekea mtu chakula, magoti. Maji ya kunawa, magoti. Mimi nililelewa mjini, tunainama kidogo na mambo yanaisha, lakini nilijifunza haraka. Mwaka wa kwanza nilipiga magoti mpaka sketi zangu zikachakaa kwa mbele.

Mama mkwe wangu, Mama Nyapendi, si mtu wa maneno. Dhopadhola yangu ni ya kuombea maji tu, na yeye Kisamia hakijui, kwa hiyo tunaongea Kiswahili cha soko, kile alichookota mpakani zamani akiuza karanga, ambacho mimi, wewe na yeye wote ni "na" tu. Akifurahi anasema, "Haya." Akikasirika anasema, "Haya." Kazi ya kujua ni ipi ni yako. Mimi nilikuwa namwogopa, nisidanganye.

Ajali yenyewe ilikuwa ya kijinga. Mnajua malori yanavyopanga foleni Busia yakingoja kuvuka, na bodaboda wanavyopenyeza katikati yake. Nilikuwa napita kati ya malori mawili, gunia kichwani, sikuangalia. Pikipiki ikatokea kwenye ule upenyo. Sikuona hata rangi yake. Nilisikia tu mguu ukilia kah! Nilipojiangalia pale chini, mguu wa kulia ulikuwa umepinda chini ya goti, mahali ambapo mguu wa mtu haupindi, na ncha ya mfupa inasukuma ngozi kutoka ndani mpaka ngozi imekuwa nyeupe. Omena imemwagika kote. Watu wamenizunguka wanapiga mayowe, na neno langu la kwanza, wananicheka nalo mpaka leo, lilikuwa, "Msikanyage samaki!"

Hospitali daktari aliniambia, "Mfupa umekatika. Tutapitisha chuma ndani yake, kiingie hapa chini ya goti kishuke mpaka karibu na kifundo cha mguu. Tutakishika na skrubu juu na chini." Wakafanya hivyo. Sitawachosha na miezi ya magongo. Mfupa ulishika vizuri, ukanyooka, nikatembea, nikarudi sokoni, nikamshukuru Mungu. Nilidhani nimemaliza.

Siku nilipoenda Nabuyoga kwa mara ya kwanza bila magongo, Mama Nyapendi alikuwa amekaa kwenye mkeka anabangua karanga. Nikakimbilia kumsalimia. Nikapiga magoti. Woi! Nilihisi msumari umegongwa chini ya pia ya goti, ukapanda mpaka kwenye meno. Nilipiga kelele, kuku wakatawanyika. Pale chuma kilipoingilia, kichwa chake kilikuwa bado kiko, na uzito wangu wote ulikuwa umekaa juu yake.

Mtaniuliza, si ungepiga goti moja tu? Nilijaribu! Ziara iliyofuata, nimebeba beseni la maji ya kunawa, wageni wamekaa, nikashuka na goti la kushoto, mguu wa kulia nimeunyoosha kando. Nikayumba. Nikaenda chini mimi, beseni na maji yote, moja kwa moja kwenye mapaja ya kaka mkubwa wa marehemu baba mkwe, yule tunayemwita Baba Mkubwa. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Baba Mkubwa hakucheka. Mama Nyapendi naye hakucheka, alisema tu, "Haya."

Tangu siku hiyo nikawa nasalimia nimesimama. Na tangu siku hiyo Mama akaanza tabia mpya. Akiniona naingia kwenye uwanja, hata awe amekaa vizuri na kazi mkononi, anainuka. Anajikongoja, anashika ukuta, anasimama, ananipa mkono, tunasalimiana haraka haraka, halafu anaingia jikoni. Roho yangu ikaniambia, huyu hataki kukaa na wewe. Huyu anakukimbia. Nilimwambia Owor, akasema, "Mama ni mzee, achana na hayo." Lakini mimi nilikuwa nalia njia nzima kurudi Busia. Miaka sita, jamani. Kila mwezi naenda na zawadi yangu ya samaki, na kila mwezi mama mkwe anainuka na kuondoka.

Daktari alikuwa ameshaniambia kwamba chuma kinaweza kutolewa mfupa ukishapona. Nilikuwa nakwepa. Nilikuwa nimekiona kisu mara moja, sikutaka mara ya pili. Kilichonitoa kwenye uoga ni matanga fulani kule Nabuyoga. Nilikuwa nyuma ya nyumba nachambua mchele, nikamsikia Baba Mkubwa upande wa pili anauliza, "Yule mke wa Owor wa kutoka Kenya amefika? Yule anayesalimia kama askari?" Wakacheka. Nilimaliza mchele wangu nikiwa nimeuma mdomo, na nikaapa pale pale: chuma hiki kinatoka.

Safari hii nilienda hospitali upande wa Tororo, karibu na kwao Owor. Daktari alikuwa kijana mpole. Aliangalia picha ya mguu, akaniwekea kidole pale chini ya goti, nikaruka. "Ni hapa?" "Ni hapo hapo!" Akasema, "Mama, nitakuambia ukweli. Wengine chuma kikitoka maumivu yanaisha kabisa. Wengine yanapungua. Wengine yanabaki vilevile. Sijui wewe utakuwa wapi." Nikamwambia, "Daktari, mimi sitaki kukimbia mbio. Nataka kupiga magoti." Hakucheka. Anatoka huku huku, alielewa.

Nikaenda kumwambia Mama. Akasimama kama kawaida yake, akanisikiliza, akakunja uso. "Mguu natembea," akasema. "Kwa nini nakatwa tena?" Ndani nilikuwa nasema, wewe Mama hujui kwa nini? Kweli hujui? Lakini nilisema tu kwamba kinaniuma nikipalilia. Akasema, "Haya," na akaingia jikoni.

Upasuaji sasa! Hapa ndipo nataka mnisikilize nyinyi waoga wenzangu. Hawakunilaza usingizi. Walinichoma sindano ya mgongo, miguu ikafa ganzi kuanzia kiunoni, nikawa naigusa naona kama ni ya mtu mwingine. Wakaweka pazia nisione. Sikuona, lakini masikio yalikuwa yangu. Nilisikia skrubu zinafunguliwa, kri, kri, kama Owor akiwa kazini. Halafu wakafunga kitu kwenye kichwa cha chuma wakaanza kukivuta kwa nyundo. Ko! Ko! Ko! Maumivu hakuna hata kidogo, ila kitanda kizima kinatikisika na mimi natikisika nacho.

Kikakataa. Nilimsikia daktari akisema mfupa umekishikilia. Wakapumzika, wakaanza tena. Ko! Ko! Jasho likanitoka. Nikaanza kukisemesha: "Toka! Toka wewe! Umekula bure miaka sita, toka!" Muuguzi aliyekuwa kichwani kwangu akanipapasa shavu. "Tulia mama." Nitatuliaje?

Halafu daktari akasema neno moja. "Kimetoka."

Nilipiga vigelegele! Ndani ya chumba cha upasuaji, nimelala chali, nusu ya mwili imekufa ganzi, nilipiga vigelegele mpaka daktari wa sindano akaruka. Muuguzi akasema, "Mama, hapa si harusini!" Nikamwambia, "Kwangu ni harusi, wacha nipige!" Nasikia hata aliyekuwa anangoja zamu nje alicheka.

Walinipa chuma changu kimeoshwa, kwenye karatasi. Kirefu kama mwiko wa kusongea ugali, na kimepinda kidogo juu. Mama Nyapendi alikuja wodini na uji wa wimbi kwenye chupa. Mimi nimelala, kwa hiyo siku hiyo hakuna aliyemsalimia mwenzake kwa shida. Akakichukua kile chuma, akakigeuza geuza, akakipima na mguu wake mwenyewe. Halafu akakitolea macho. "Wewe," akakiambia chuma, kwa ukali kabisa, "wewe nasumbua mtoto yangu." Mtoto yangu! Nilimwangalia Owor, Owor akaangalia dirisha. Nilijifunika shuka nikalia machozi ya furaha.

Daktari aliniruhusu na masharti. Mfupa sasa una mashimo mahali skrubu zilipokuwa, kwa hiyo nitembee na magongo kwanza, nisibebe mzigo, nisiruke. "Na magoti," akanyoosha kidole, "usithubutu mpaka nikuambie mimi. Ngozi ya hapo inavutika. Umenisikia?" Nilimsikia vizuri sana. Masikio hayakuwa na kosa lolote.

Tulikaa Nabuyoga nipone huko, kwa nyumba ya Mama. Siku ya tisa, nyuzi bado ziko, nimekaa kwenye mkeka mguu umenyooshwa, najisikia mzima kabisa. Nikasikia sauti kwenye njia. Baba Mkubwa! Amekuja kumjulia hali mgonjwa. Mwenye ile kauli ya askari! Niliona hii ndiyo nafasi. Wala msidhani ilikuwa heshima, ilikuwa kiburi kitupu, nilitaka amezwe na aibu yake. Alipotokea tu pembeni ya nyumba, nikajigeuza, nikakusanya miguu, na nikapiga magoti mbele yake, yote mawili, mgongo umenyooka, tabasamu mpaka masikioni.

Nilihisi kitu kinachanika. Hakikuuma sana, na hilo ndilo lililonitisha. Kikafuata kitu cha moto kinachoteremka. Nilipoangalia, kitambaa cha kidonda kimekuwa chekundu, damu inachuruzika mpaka kwenye mkeka, na chini ya kitambaa jeraha limefunguka kama mdomo, mafuta ya ndani yanaonekana. Baba Mkubwa alidondosha kofia. "Mwanangu, nani alikutuma?" akapiga kelele. "Nani alikutuma?" Mzee wa watu alitetemeka kuliko mimi. Owor alinibeba kwenye pikipiki ya jirani, Mama ananishika kwa nyuma, kanga yake amenifunga nayo goti.

Daktari hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alisafisha kidonda, kisha akasema, "Kikiingia uchafu hapa kitafika ndani ya goti. Goti likioza, mama, wewe na kupiga magoti mmeachana kabisa." Akanilaza wodini, sindano asubuhi na jioni. Siku ya tatu kidonda kikavimba, kikawa chekundu, kikatoa maji ya njano yenye harufu. Homa ikapanda. Nilimwomba Mungu kwa lugha zote ninazozijua. Nilimwambia, Bwana, umenitoa chuma, mimi nikaenda kujionyesha. Usininyime kwa ajili ya ujinga wa dakika moja.

Siku ya sita homa ikashuka. Siku ya nane maji yakakauka. Daktari alipofungua kitambaa akatabasamu, mimi nikakaribia kupiga vigelegele tena, muuguzi akanifumba mdomo kabla sijaanza!

Niliporudi nyumbani, Mama Nyapendi alikuwa amekuwa askari kweli. Alikaa mlangoni. Mgeni yeyote akija, mkubwa kwa mdogo, hata mchungaji, kabla hajavua viatu anaambiwa, "Hapa hakuna magoti. Dokta nakataa. Wewe kaa kule." Baba Mkubwa alirudi na jogoo mkononi. Alisalimia akiwa mbali, akamweka jogoo chini, akasema, "Mwanangu, nisamehe. Salimia unavyoweza, hata ukilala." Nikamwambia anisamehe na yeye, maana nilitaka kumwaibisha. Tulimla jogoo pamoja.

Kabla sijawaambia ile siku yenyewe, wacha nitoe ushauri, kwa sababu nikifika pale nitasahau kila kitu. Ukiambiwa urudi kutolewa vyuma na vinakusumbua, nenda ukaulize, usikae miaka sita kama mimi ukiongea na goti lako. Muulize daktari akwambie na yale mabaya, akikuficha muulize tena. Ukishatolewa, sikiliza masharti, maana siku utakayojisikia mzima ndiyo siku ya hatari. Kidonda kikitoa harufu usikipake majani wala chumvi, rudi hospitali. Na kama kuna mtu unayedhani anakuchukia kwa sababu ya ugonjwa wako, muulize. Kwa mdomo wako. Hilo ndilo ningelifanya kwanza kabla ya kisu.

Basi. Daktari aliniita tena baada ya wiki nane. Mfupa mzuri, kovu limefunga. Mwalimu wa mazoezi akakunja blanketi mara nne, akaliweka chini. "Shuka pole pole." Nikashika kitanda. Nikashuka na la kushoto. Nikashusha la kulia. Nikangoja ule msumari. Nikangoja. Msumari haukuja! Kulikuwa na kitu kama ganzi kwenye kovu, ngozi inavuta, basi. Akapunguza blanketi mara tatu, mara mbili, mara moja. Mwisho nilikuwa kwenye saruji kavu. Mwalimu akaniambia sasa naweza kuinuka, nikamwambia aniache hapo hapo kidogo.

Kutoka hospitali sikwenda Busia. Nilimwambia Owor, "Twende kwa Mama." Tukamkuta mahali pake, kwenye mkeka, anabangua karanga. Aliponiona akaanza ile kazi yake. Akaweka ungo pembeni, akashika ukuta, akavuta mguu mmoja chini yake ainuke.

"Mama, kaa!" nikapiga kelele. "Kaa chini!"

Akabaki pale pale, nusu amekaa, ananiangalia. Nikafika mbele yake. Nikakusanya sketi. Nikapiga magoti, pole pole, kwenye udongo wenye maganda ya karanga, la kushoto, la kulia. Nikamsalimia kwa ile Dhopadhola yangu mbovu, nikamuuliza habari za nyumba, za shamba, za mbuzi, za usiku wake, salamu yote mpaka mwisho. Machozi yananidondoka na sijali.

Mama aliitikia yote. Halafu akaachia ukuta, akateremka taratibu, akakaa. Akashusha pumzi ndefu sana.

"Haya," akasema. "Asante Mungu. Mimi nilikuwa nachoka."

"Kuchoka na nini, Mama?"

"Kusimama!" Akanipiga begani kidogo. "Miaka sita, wewe nakuja, mimi nasimama. Wewe nakuja, mimi nasimama. Magoti yangu nazeeka, Ajambo! Nani atatoa chuma yangu mimi?"

Nilimwangalia kama mjinga. Nikamuuliza, "Kwa nini ulikuwa unasimama?"

Akanishangaa kama mtu aliyeulizwa kwa nini anakula. "Mimi nikikaa, wewe nasimama, watu nasema mtoto yangu ana kiburi. Mimi nikisimama na wewe nasimama, tuko sawa. Nani atasema nini?"

"Na jikoni? Mbona ulikuwa unaingia jikoni?"

"Kule kuna kiti. Kule watu hawaoni."

Nililaza kichwa kwenye mapaja yake nikacheka na kulia kwa pamoja, na Owor akaenda kujifanya anaangalia mbuzi. Namshukuru Mungu kwa mikono ya wale madaktari wa pande zote mbili za mpaka, kwa muuguzi aliyevumilia vigelegele vyangu, kwa mume wangu, kwa Baba Mkubwa na jogoo wake. Ila kwa Mama Nyapendi sijapata bado neno la kutosha, si kwa Kisamia, si kwa Dhopadhola, si kwa Kiswahili.

Jana nilikwenda tena na samaki wangu. Aliniona kwa mbali nikikata kona kwenye njia. Alikuwa amesimama anaanika wimbi. Akaniangalia vizuri ahakikishe ni mimi, akatafuta mkeka, akakaa chini kabisa, akanyoosha miguu yake yote miwili, na akanisubiri.